Kunasa, kurekodi au kuhifadhi? Adabu ya sauti katika enzi ya simu janja

WIKI mbili zilizopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini akiwa na furaha tele. Alinionyesha simu yake na kuniambia, "Prof, nimenasa saa kumi na mbili za mazungumzo ya simu. Data ya utafiti imekamilika."

Nikamuuliza, "Wenyewe wanajua?"

Akatabasamu, kisha akainamisha kichwa. "Wangejua, Prof, wangeanza kuongea Kiswahili cha vitabuni."

Jibu lake si la kijinga. Mwanaisimujamii William Labov alikwisha kulieleza tatizo hilo: tunataka kujua jinsi watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, ilhali hatuwezi kujua bila kuwachunguza. Kila mtafiti wa lugha hukumbana na fumbo hili. Hata hivyo, kitenzi alichokitumia kijana yule ndicho kilichonikosesha usingizi. Alisema "nimenasa". Leo basi, msomaji wangu, hebu tukitazame kitenzi hicho pamoja na jamaa zake, kwa sababu siku hizi kila mwenye simu janja ana uwezo ambao zamani ulikuwa wa mashirika ya utangazaji na idara za upelelezi.

Kunasa ni kazi ya mtego. Ndege hunaswa, samaki hunaswa, mwizi hunaswa. Lugha yetu ilipohitaji jina la chombo cha kurekodia, ikakiita kinasasauti, yaani sauti inayopita hewani ikatendewa kama ndege. Kurekodi ni neno la mkopo lisilo na lawama wala sifa. Linasema tu kwamba jambo limeandikwa kwa sauti. Kuhifadhi ni kutunza, na mtu hutunza kile alichokabidhiwa. Halafu kuna kudukiza, neno la zamani lenye maana ya kusikiliza kwa siri maneno ya watu wengine. Mdukizi hakuwahi kuwa mtu wa heshima katika jamii ya Waswahili. Kwa hiyo kitendo kinaweza kuwa kile kile, kidole kikabonyeza kitufe kile kile, lakini kitenzi kinachokifaa kikategemea swali moja: mwenye sauti anajua na ameridhia?

Kabla ya kulijibu swali hilo, tuone kwanza mambo yanavyokwenda ndani ya simu yenyewe. Wengi hunilalamikia, "Prof, nilikuwa na programu ya kurekodi simu, sasa haifanyi kazi. Kwani imeharibika?" Haijaharibika. Imefungiwa njia. Toleo la 9 la mfumo wa Android, lililotoka mwaka 2018, lilizizuia programu za nje kuchota sauti ya simu inayoendelea, na toleo la 10 likakaza zaidi. Watengenezaji wa programu wakatafuta uchochoro: wakatumia huduma zilizokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Mnamo Mei 2022 Google ikaupiga marufuku uchochoro huo katika duka lake la programu. Zilizobaki ni simu ambazo mtengenezaji mwenyewe ameweka uwezo wa kurekodi, na nyingine hazina uwezo huo katika baadhi ya nchi kwa sababu za kisheria. Apple nayo ilikataa kwa miaka mingi, hadi Oktoba 2024 ilipoleta uwezo huo katika toleo la 18.1 la mfumo wa iPhone. Hata hapo iliweka sharti: anayerekodi akibonyeza kitufe, pande zote mbili husikia tangazo kwamba simu inarekodiwa.

Simu zinazopitia intaneti, kwa mfano za WhatsApp, zina habari yake. Tangu Aprili 2016 mazungumzo ya WhatsApp husimbwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Anayeyadaka njiani hapati cha kuelewa. Zaidi ya hayo, programu yenyewe haina kitufe cha kurekodi simu. Ukijaribu kurekodi kioo cha simu, mara nyingi utapata picha bila sauti, au utasikia sauti yako peke yako kama mtu anayezungumza na ukuta. Lakini tusijidanganye. Usimbaji hulinda njia, haulindi miisho. Aliye upande wa pili anaweza kuweka simu kwenye spika, akaweka simu ya pili mezani, akarekodi kila neno, na hakuna tangazo litakalosikika. Hakuna kufuli linaloweza kukulinda dhidi ya mtu uliyemfungulia mlango mwenyewe.

Sisi wa isimu tuna tatizo jingine: ubora. Simu ya kawaida ya tangu jadi hupitisha mitetemo ya kuanzia 300 hadi 3,400 hivi kwa sekunde. Sauti ya binadamu inavuka mipaka hiyo. Mlio wa herufi S, kwa mfano, una nguvu zake nyingi juu ya mitetemo 4,000. Ndiyo sababu kwenye simu mtu husema "sisi tumefika" nawe ukasikia "fisi tumefika", akalazimika kukuambia, "S ya Samueli, si F ya Fatuma". Sasa mchukue mtafiti wa lahaja za pwani. Katika Kimvita na Kiamu kuna T ya meno na T ya ufizi, na kuna paa wa mwituni anayetamkwa kwa pumzi na paa la nyumba lisilo na pumzi. Tofauti kama hizi, ambazo sikio la mzawa huzitambua bila kufikiri, ndizo za kwanza kufifia simu inapobana sauti.

Simu za intaneti kwa kawaida hupitisha sauti pana zaidi, lakini zina hila yake. Sauti hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja cha takriban sehemu ya hamsini ya sekunde, kisha vipande hivyo husafirishwa kama magunia yenye anwani. Gunia moja likipotea njiani, programu ya upande wa pili haikuachii pengo. Hubuni sauti ya kulijaza kwa kukisia kutokana na iliyotangulia. Maana yake ni kwamba rekodi inaweza kuwa na chembe za sauti ambazo msemaji hakuzitamka kamwe. Mtafiti anayepima irabu kwa rekodi ya namna hiyo na ajihadhari.

Kwa hiyo nikiulizwa njia bora, hujibu hivi: mwombe unayezungumza naye ajirekodi mwenyewe kwa simu nyingine iliyo karibu na mdomo wake, kisha akutumie faili. Rekodi isiyobanwa ya sampuli 44,100 kwa sekunde hula takriban megabaiti 5 kwa dakika, yaani zaidi ya 300 kwa saa. Ni nzito, lakini sauti ni nzima. Njia hii ina baraka nyingine: kitufe kiko mkononi mwa mwenye sauti.

Somo hilo la mwisho sikulipata vitabuni. Mnamo Machi 2020, korona ilipotufungia nyumbani, nilikuwa katikati ya kazi ya kukusanya msamiati wa bahari katika kisiwa cha Pate. Mwalimu wangu mkuu alikuwa bibi mmoja aliyepita miaka themanini, ambaye nilimwita Mama naye akiniita mwanangu. Safari zilipokatika tukaendelea kwa simu. Tulikubaliana vizuri: kila Jumamosi asubuhi ningempigia, ningerekodi, naye angenifunza majina ya pepo, nyuzi za jahazi na samaki. Alinieleza kaskazi na kusi, matlai na umande, kwa Kiswahili cha watu wanaosema mato badala ya macho na ndia badala ya njia. Nilikuwa mwanafunzi mwenye bahati.

Simu yangu ya wakati huo ilikuwa na mpangilio wa kurekodi kila simu bila kuulizwa. Niliuwasha kwa ajili ya Jumamosi zetu, nikasahau kuuzima. Usiku mmoja wa katikati ya wiki Mama alinipigia yeye. Hakutaka kuzungumzia pepo. Alikuwa na dukuduku kuhusu shamba la minazi la marehemu mumewe: nani aliahidiwa nini, nani alidhulumiwa, na yeye mwenyewe alinyamaza lini na kwa nini. Alizungumza karibu saa nzima huku akilia. Asubuhi yake nikaikuta faili.

Wasomaji wenzangu, sitaficha. Masikio yangu ya kitaaluma yalishangilia. Ile ndiyo lugha aliyoitafuta Labov: haikuwa na haya ya maikrofoni wala chembe ya Kiswahili cha vitabuni. Nilikaa nayo siku tatu. Jumamosi nilipompigia nikamweleza ukweli kabla ya salamu kuisha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, niliyokwambia kama mwanafunzi, weka. Niliyokwambia kama mwana, futa." Nikafuta, hata nakala iliyokuwa imejipeleka yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Mama alifariki baada ya miaka miwili. Warithi wakagombana. Mjukuu wake mmoja, ambaye kwa niliyoyasikia usiku ule naamini alikuwa na haki, alinipigia simu. "Mwalimu, tunajua ulikuwa ukimrekodi nyanya. Kama alitaja shamba, tupe." Nilimjibu kwamba alitaja, na kwamba nilifuta kwa amri yake. Alivuta pumzi, akaniambia, "Basi umeuzika ukweli, Mwalimu."

Neno lile lingali linanichoma. Nimejaribu kujifariji kwa sheria. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na kwa jambo mahususi, na inampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa yake. Kweli, sheria hiyo haikukusudiwa kumbana mtu katika shughuli zake binafsi za nyumbani, lakini mimi sikuwa jamaa tu, nilikuwa mtafiti. Aidha, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana kabla ya mahakama kuipokea. Ningeandika nini katika cheti hicho? Kwamba nilisahau kuzima kitufe?

Hata hivyo, sheria si faraja kamili. Kuna watu ambao rekodi ndiyo ngao yao ya pekee: mfanyakazi anayetishwa, mke anayetukanwa, mwananchi anayeombwa hongo. Siwezi kumwambia mtu wa aina hiyo kwamba kurekodi ni utovu wa adabu. Pia mipaka hutofautiana. Marekani, sheria ya shirikisho huridhika mmoja wa wanaozungumza akikubali, ilhali California hutaka wote wakubali kwa mazungumzo ya faragha. Jamaa zetu walio ughaibuni wanaorekodi simu za nyumbani na wakumbuke kwamba wako chini ya sheria za huko pia. Ninachokataa mimi ni mazoea ya kunasa kila simu ati kwa sababu inawezekana.

Nikirudi kwenye lugha, tazameni tangazo tunalolisikia tukipigia huduma kwa wateja: "Simu hii inaweza kurekodiwa." Hiyo ni kauli ya kutendwa, na kazi moja ya kauli ya kutendwa ni kumficha mtenda. Itarekodiwa na nani? Itawekwa wapi, hadi lini? Na hilo "inaweza" ni la nini, wakati mashine tayari inazunguka? Mteja hajaombwa ridhaa. Ameambiwa tu, tena kwa sentensi isiyo na mtu ndani yake.

Mwanafunzi wangu nilimpa kazi ya nyumbani: aandike ombi la ridhaa kwa kauli ya kutenda. Alirudi na hili: "Mimi ninataka kurekodi mazungumzo yetu ya leo kuhusu biashara yako ya samaki. Nitayasikiliza mimi na msimamizi wangu. Nitayatunza hadi nimalize tasnifu. Ukitaka niyafute, nipigie, nitayafuta. Unakubali?" Ni sentensi fupi, na kila kitenzi kina mwenyewe. Amewapigia upya wale wote aliowanasa. Wawili wamekataa, naye amezifuta saa zao tatu. Waliobaki wamekubali, na ameniambia kwa mshangao kwamba baada ya dakika kumi hivi wanaisahau simu na kuongea kama kawaida yao.

Siti binti Saad alipovuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, alijua anaiacha sauti yake kwa ulimwengu, ndiyo maana twaisikia bila aibu hadi leo. Za Mama za Jumamosi ninazo pia, naye aliniruhusu kuwapa jamaa zake. Mwaka jana mjukuu yule aliniandikia ujumbe. Hakutaja shamba. Aliomba zile za pepo, watoto wake wamsikie nyanya akitaja matlai.