Mvua na Heroe wa Nakuru



Siku moja ya mvua za vuli tulikwenda Ziwa Nakuru pamoja na vijana wetu wa kanisa kutazama ndege. Asubuhi jua lilikuwa kali. Kufika adhuhuri wingu lilishuka toka Menengai, mvua ikatunyeshea. Korongo weupe waliokimbia baridi ya Ulaya tuliwaona, lakini heroe walikuwa wachache sana. Kijana mmoja akauliza, "Wamekwenda wapi?"

Heroe mdogo hula mwani mdogo mno, uotao katika maji ya magadi. Tangu mwaka 2010 ziwa lilianza kufura. Maji ya mvua yakazimua magadi, na mwani ukapungua. Basi ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Hawakufukuzwa na ukame, bali na wingi wa maji.

Jambo hili lilituchoma moyoni. Sisi tuliomba mvua, tukashukuru kwa ajili ya mahindi yetu. Lakini huko Mwariki maji ya ziwa yaliingia nyumbani mwa jirani zetu, nao hawana mabawa. Je, tuliposhukuru, tuliwakumbuka?

Nabii Yeremia, katika sura ya 8, anamtaja korongo ajuaye majira yake, ili kuwaonya watu wasiojua njia ya Mungu. Nasi kujua majira ni kujua pia ni nani anayelia wakati sisi tunacheka.

Tuombe: Ee Bwana, utupapo baraka, utufumbue macho tumwone jirani. Amina.