Mwanajiolojia Kwenye Nyaraka

Vitabu vingi vya jiografia husimulia habari za Alfred Wegener kwa namna moja. Mjerumani huyu, mtaalamu wa hali ya hewa, alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kuungana kisha yakaachana. Wanajiolojia wakamkatalia kwa kuwa hakuweza kueleza nguvu iliyoyasukuma. Akafia Greenland mwaka 1930, na katika miaka ya 1960 ushahidi kutoka sakafu ya bahari ukampa haki yake. Masimulizi hayo ni matamu, na karibu yote ni kweli isipokuwa pale yanapotaja sababu ya kukataliwa. Aliyeifukua sababu hiyo kwa kina ni Naomi Oreskes, Mmarekani aliyesomea jiolojia ya madini London, akafanya kazi kwenye hazina ya shaba na urani ya Olympic Dam nchini Australia, kisha akageukia barua na ripoti za waliomtangulia katika fani yake. Kitabu chake kuhusu mkasa huo kilitoka mwaka 1999. Mtu wa miamba anapochunguza historia ya taaluma yake, wengi huona ni shughuli ya kupitishia muda. Mimi naona ni sehemu ya sayansi yenyewe, kwani huonyesha jinsi watu makini wanavyoweza kulikataa jambo la kweli bila kuwa wajinga wala wakaidi.

Tuanze na hiyo nguvu inayosemekana ilikosekana. Arthur Holmes, Mwingereza ambaye ujanani alitafuta madini Msumbiji mwaka 1911 na malaria ikamlaza huko, alitoa pendekezo mwishoni mwa miaka ya 1920. Alisema joto la madini yanayotoa mionzi huifanya miamba iliyo chini ya ganda la dunia izunguke polepole mno, kama uji mzito unaotokota, na mzunguko huo unaweza kuyabeba mabara. Kwa hiyo maelezo ya nguvu yalikuwepo, na wapo wakubwa wa fani Marekani walioyajua. Isitoshe, enzi za barafu zilikubalika tangu karne ya 19, ilhali maelezo ya chanzo chake yalipata ushahidi wa kutosha miaka ya 1970. Hakuna aliyedai barafu haikuwepo ati kwa kuwa hakijulikani kilichoileta. Ushahidi wa miamba nao haukukosekana. Mwaka 1923 Alexander du Toit wa Afrika Kusini alikwenda Amerika Kusini kulinganisha miamba ya huko na ya kwao. Alikuta matabaka yanayofuatana kwa mpangilio uleule, yenye alama za barafu ya kale na visukuku vya mmea uitwao Glossopteris. Safari hiyo iligharamiwa na Taasisi ya Carnegie ya Washington, yaani Wamarekani walilipia ushahidi ambao wenzao wengi hawakuusadiki.

Kwa nini basi Wamarekani walikataa? Jibu la Oreskes linatupeleka kwenye ofisi za wapima ardhi. John Hayford, na baada yake William Bowie, wa idara ya serikali ya Marekani iliyopima pwani na nchi kavu, walikuwa na tatizo la kikazi: mlima huivuta timazi ikaenda upande, na vipimo vyote vinavyoitegemea vikapotoka. Ili wavisahihishe, walishika kanuni kwamba kila nguzo ya ganda la dunia, iwe chini ya mlima au chini ya bahari, ina uzito uleule hadi kina fulani. Penye mlima mwamba ni mwepesi, penye bahari ni mzito. Kanuni hiyo ilirahisisha hesabu, na vipimo vikatoka vizuri ajabu. Lakini ukishaamini kwamba mlima umeinuka kwa sababu mwamba wa chini yake ni mwepesi, mabara yanayogongana na kulikunja ganda hayana pa kuingilia. Ilikuwepo kanuni ya pili, iliyosema ganda huwa nene chini ya milima, nayo ingeelewana vizuri na Wegener, ila kuikokotoa ilikuwa kazi. Juu ya hayo, Wamarekani walifunzwa kumtilia shaka mtafiti anayeshikilia nadharia moja kisha akaisakia ushahidi. Wegener aliandika kama wakili wa upande mmoja, na kwenye mkutano wa New York mwaka 1926 wengi walimhukumu kwa hilo. Ubishi huo ulidumu. Miaka ya 1950 ilipoanza, Marie Tharp alichora bonde katikati ya milima ya chini ya Atlantiki, linalofanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na mwenzake Bruce Heezen akalipuuza kuwa ni porojo za wasichana, maana lilinukia mabara yanayosogea.

Atasema mtu kwamba hiyo ni kazi ya wanahistoria, na kwamba mwanajiolojia atawahukumu wa kale kwa elimu ya leo. Hatari hiyo ipo, na wapo wanasayansi wengi walioandika historia kama orodha ya washindi. Lakini asiyeelewa hesabu za uvutano angeipita kanuni ya Hayford bila kuitupia jicho, akaishia kusema Bowie alikuwa na roho ngumu. Ujuzi wa fani ndio uliomwezesha Oreskes kumtendea haki Bowie.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kama wanasayansi walikosea kiasi hicho, kwa nini tuwaamini leo kuhusu mabadiliko ya tabianchi? Oreskes mwenyewe mwaka 2004 alichapisha uchunguzi wa muhtasari wa makala 928 za kisayansi, asikute hata mmoja unaopinga kwamba binadamu anachangia joto la dunia. Historia ileile ya mabara ndiyo inayojibu. Waliokataa kwa kauli karibu moja walikuwa jamii moja ya wataalamu, ile ya Marekani, yenye mafunzo ya namna moja, wakitegemea kanuni iliyowafaa kazini. Kwingineko, Uingereza na Afrika Kusini hasa, mjadala uliendelea, kwa hiyo dunia nzima haikuwahi kuafikiana. Hata ndani ya Marekani kauli haikuwa moja kamili: mwaka uleule wa mkutano wa New York, Reginald Daly wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu cha kutetea kwamba mabara husogea. Sayansi ya tabianchi, kinyume chake, imejengwa na watu wa nchi nyingi kwa vipimo visivyotegemeana.