Kivinjari Kikongwe Nyumbani: Kubadilisha au Kuacha?

Kila mwana wa pwani aliyepata kupanda basi la Nairobi amepita Sultan Hamud, mji wa Makueni unaobeba jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Mji huo ulikua kando ya reli. Siku hizi, kama katika miji mingine ya njiani, mambo mengi ya familia humalizikia mbele ya kioo cha tarakilishi: kodi ya KRA, cheti cha kuzaliwa, fomu ya mkopo wa masomo. Juni 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimehamia eCitizen, na tangu hapo mlango wa ofisi nyingi umekuwa ni kivinjari.

Basi swali ambalo zamani lilikuwa la mafundi limeingia sebuleni. Kivinjari kinadai toleo jipya. Baba anasema kiache, kinafanya kazi. Kijana anasema kibadilishwe leo.

Tusimbeze baba. Tarakilishi yenye kumbukumbu ndogo huelemewa na toleo jipya, bando la intaneti ni pesa, na vitufe alivyovizoea huhamishwa bila yeye kuulizwa. Tena tarakilishi nyingi majumbani na katika saiba bado ni za Windows 7. Hizo hazina hiari: toleo la 109 la Chrome, la Januari 2023, ndilo la mwisho kwao, na kuanzia 110 Chrome hutaka Windows 10 au zaidi. Simu nazo zimefikwa na hayo hayo, kwani tangu 2025 Chrome mpya haikubali Android iliyo chini ya 10.

Hata hivyo tunaona kijana ana hoja yenye uzito zaidi, na sababu yake haisemwi vya kutosha. Watengenezaji wanapoziba tundu la usalama, kiraka chenyewe huwa ni tangazo. Wezi hulinganisha toleo la zamani na jipya, wakaona palipozibwa, kisha wakawaendea waliobaki nyuma. Kwa hiyo kivinjari kile kile kilichokuwa salama mwezi uliopita huzidi kuwa hatari kikiwa kimekaa tu, wala hakijaharibika kitu. Na ndani yake mna maneno ya siri ya barua pepe, ya kodi, pengine na ya benki.

Kwa simu inayokubali, basi, hatuoni la kungojea: isasishwe kupitia Play Store, usiku, penye Wi-Fi kama ipo. Lakini ukurasa ukiruka mbele yako na kupiga kelele kwamba kivinjari kimechakaa, bonyeza hapa, usibonyeze. Huo ni mtego wa kale na bado unanasa watu. Sasisho la kweli hupatikana katika menyu ya kivinjari chenyewe, palipoandikwa Kuhusu. Hapo ndipo pia utakapoona namba ya toleo. Hata katika saiba si utovu wa adabu kumwomba mwenye duka akuonyeshe namba hiyo kabla hujaandika neno lako la siri. Akikuonyesha 109, chapisha karatasi zako, lakini akaunti yako ifungue kwingine.

Iliyo ngumu ni tarakilishi kongwe ya nyumbani, hasa ikiwa ndiyo moja tu. Mozilla iliendelea kuitolea Windows 7 viraka vya Firefox 115 baada ya Google kuacha, ila huo ulikuwa muda wa nyongeza. Fundi mzuri aweza kuiwekea Linux Mint, isiyouzwa, ikapata kivinjari cha kisasa. Kwanza lakini picha na hati zote zinakiliwe kwenye flashi, maana kazi hiyo aghalabu hufuta kila kitu. Familia isiyoweza hilo mwezi huu iwaachie watoto tarakilishi hiyo kwa kuandikia insha, ifute maneno ya siri yaliyohifadhiwa humo, na mambo ya fedha yahamie kwenye simu iliyosasishwa.