GARI LIKIGONGA MTU NA KUTOROKA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika jarida hili la chama chetu makala nyingi huwa juu ya dawa za kulevya, nidhamu na jinsi ya kupita mtihani. Hayo ni mazuri na tuendelee kuyaandika. Lakini sisi wanafunzi wa kutwa tuna jambo lingine ambalo hukutana nalo kila asubuhi kabla ya kengele kulia, nalo ni barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru. Tunaivuka kungali giza na kutembea kando yake na mikoba mgongoni, huku matrela na matatu yakitupita kama mshale. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika ajali za barabarani hapa nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni watu waendao kwa miguu. Yaani ni sisi.

Watu hupenda kusema ajali haina kinga. Sawa, lakini yale yanayofuata baada ya ajali yana utaratibu wake, na wengi wetu hatuujui. Nataka kueleza ajali ya aina moja tu: gari linamgonga mtu, kisha dereva anakanyaga mafuta na kwenda zake. Wewe uliye hapo ufanye nini? Tunafikiri kazi ni kupiga mayowe na kulikimbiza gari. Ninavyoona mimi kazi ni mbili, na ni lazima zifanywe wakati mmoja na watu tofauti. Mmoja ashughulike na majeruhi na mwingine ashughulike na nambari ya gari.

Kwanza tuone sheria inasemaje. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inamwamuru dereva asimame pindi gari lake linapohusika katika ajali iliyomdhuru mtu au kuharibu mali. Akiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, anapaswa kutoa jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na nambari ya gari lenyewe. Asipotoa hayo, ni lazima aripoti kwa polisi upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kwisha. Kwa hivyo hata yule anayesimama, akamwinua mtoto na kumpangusa vumbi, akampa shilingi 500 ati za soda na kuondoka bila kutaja jina, bado hajatimiza sheria. Huyo naye ametoroka, ila ametoroka polepole.

Mbona hutoroka? Wengine wamelewa, wengine hawana leseni, na wengine bima yao imekwisha. Lakini tuseme ukweli hata kama unauma: wengine hutuogopa sisi wenyewe. Umati ukifika, mawe huanza kuruka, na gari laweza kuchomwa moto kabla mtu yeyote hajauliza ni nani aliyekuwa na makosa. Dereva akiona hivyo hawezi kusimama hata kama alitaka. Sheria inampa nafasi ya kwenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi na kujieleza huko, na heri afanye hivyo kuliko kuuawa. Basi mkiona dereva amesimama, msimguse. Someni nambari yake na mumwulize jina.

Sasa nije kwa majeruhi. Kabla ya kumkimbilia, hakikisheni kwamba barabara haitawaangusha ninyi pia. Wawili wasimame mbali, mmoja kila upande, wakipunga sweta ili magari yapunguze mwendo. Mwaweza pia kuweka matawi barabarani kama wafanyavyo madereva wa malori lori likiharibika. (Mkimaliza myaondoe, tafadhali. Kuna matawi na mawe ambayo huachwa hapo mpaka usiku, yakaleta ajali ya pili.) Pigeni simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Sisi haturuhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hivyo mwombe mwenye kibanda au mtu wa bodaboda apige. Mwambie ataje mahali hasa: karibu na daraja gani au duka gani, na ni upande wa kwenda Nakuru au wa kurudi Nairobi. "Hapa barabarani" si mahali.

Majeruhi asinyanyuliwe haraka haraka. Hapa ndipo watu wema huumiza. Nimewahi kuona mtu akishikwa mikono na miguu kama gunia la viazi na kurushwa nyuma ya pikapu. Ikiwa uti wa mgongo umevunjika, kubebwa namna hiyo kwaweza kumpooza maisha yake yote. Kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa tena, mwacheni alale alivyo. Mmoja apige magoti kichwani pake, akishike kisitikisike, na azungumze naye. Damu ikitoka kwa wingi, kunja kitambaa safi, hata shati, ukandamize juu ya kidonda kwa nguvu bila kuachilia kila mara ili kuchungulia. Usimpe maji wala soda, kwa sababu huenda atafanyiwa upasuaji, na asiye na fahamu atapaliwa. Mwendesha pikipiki usimvue helmeti kama anapumua vizuri. Ikiwa amezirai na anatapika, au anakoroma, mgeuzeni alale ubavu, watu watatu kwa pamoja, ili kichwa, shingo na mgongo vigeuke kama kitu kimoja. Na kama hakuna ambulensi inayokuja na ni lazima abebwe na gari lolote, tafuteni ubao mpana au mlango wa kibanda, mmwinue watu wanne au watano kwa hesabu ya moja, mbili, tatu.

Kazi ya nambari ndiyo husahaulika. Jirani yetu mmoja, mama muuza mboga, aligongwa jioni moja mwaka 2023 akivuka na beseni lake la sukuma wiki. Watu kama ishirini walimkimbilia, wote wakiwa na huruma, na hakuna hata mmoja aliyesoma nambari. Baadaye mmoja alisema gari lilikuwa Toyota Probox nyeupe, wa pili akasema ni ya rangi ya fedha, wa tatu akaapa kuwa si Probox kamwe. Polisi waliandika waliyoambiwa. Karatasi yao ilipotoka, mahali pa nambari ya gari palisema halijulikani. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili. Familia iliuza ng'ombe wake wa maziwa ili kulipa hospitali, na binti yake ambaye alikuwa kidato cha pili sasa ndiye anayekaa pale kando ya barabara na beseni.

Kwa nini nambari iwe na uzito huo? Kwa sababu ya bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inataka kila gari barabarani liwe na bima ya kuwalipa watu wengine ambao gari hilo litawadhuru au kuwaua. Hata gari kuukuu kabisa lazima liwe nayo. Lakini ili majeruhi alipwe fidia, sharti amshtaki mtu fulani, yaani dereva au mwenye gari, ndipo kampuni ya bima iliyo nyuma yao ilipe. Bila gari hakuna mwenye gari, na bila mwenye gari hakuna bima ya kuifuata. Yule mama aliumia sawasawa na mtu yeyote mwingine, ila hakuwa na nani wa kumdai.

Nambari ya gari la kawaida hapa kwetu ni herufi tatu zinazoanza na K, kisha tarakimu tatu, kisha herufi moja. Gari likikimbia si rahisi kuzinasa zote, kwa hivyo shika tarakimu tatu na ile herufi ya mwisho kwanza. Mkiwa wawili, gawaneni: mmoja mbele, mwingine nyuma. Pikipiki huwa na herufi nne mbele, zikianza na KM. Trela nayo ina mtego wake. Kile kichwa kinachovuta kina nambari yake ya K, lakini trela iliyo nyuma ina nambari nyingine inayoanza na Z. Ukiona ya Z pekee usidhani umekosea, iandike hivyo hivyo. Magari ya serikali huanza na GK. Matatu ina mstari wa manjano ubavuni na jina la sacco yake, na mara nyingi watu hukumbuka jina hilo au mchoro wa nyuma kuliko nambari. Hayo pia yanafaa.

Ukishaiona, itamke kwa sauti mara kadhaa na uiandike papo hapo kwenye kiganja kwa biro. Sisi hatukosi kalamu. Kisha ongeza saa, upande gari lilikoelekea, rangi, na mahali lilipobonyea au taa iliyopasuka, ya kushoto au ya kulia. Vipande vya taa na kioo cha pembeni vilivyoanguka vibaki pale pale mpaka polisi waje, maana vyaweza kuonyesha ni gari la aina gani. Watoto hupenda kuviokota wakavichezee, kwa hivyo mtu avilinde. Gari lililovunjika taa litatafuta gereji, na mafundi huona mengi. Vituo vya petroli na maduka makubwa huwa na kamera, ila picha za zamani hufutwa zikaingia mpya, ndiyo maana habari inafaa kufika kwa polisi siku iyo hiyo na si baada ya mazishi au baada ya mgonjwa kutoka wodini.

Kuhusu hospitali nitasema machache. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo msikubali mgonjwa aachwe mlangoni kwa sababu hakuna pesa mkononi. Mwelezeni karani kuwa ni ajali ya barabarani ili iandikwe hivyo katika kadi, na mhifadhi kila risiti na picha ya eksirei. Tena kuna madereva ambao humleta mgonjwa mpaka hospitalini wakiigiza wema, kisha hupotea wakati watu wanahangaika na machela. Hapo kimbilieni kwa askari wa lango, kwani katika hospitali nyingi huandika nambari za magari yanayoingia katika daftari lake.

Kwa polisi jambo hilo liandikwe katika kitabu cha OB, nanyi mpewe nambari ya OB. Msiondoke bila hiyo. Majeruhi atapewa fomu ya P3, ambayo hutolewa bure, ijazwe na daktari au afisa wa kliniki na kurudishwa kituoni. Baadaye kuna abstrakti ya polisi, karatasi inayotaja gari, mwenyewe na bima yake. Ndiyo ile ambayo kwa jirani yetu haikuwa na nambari. Askari wa zamu akiwazungusha, ombeni kumwona mkuu wa kituo, yaani OCS. Ikishindikana kuna IPOA, mamlaka ya kuchunguza polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Kesi ya kudai fidia ya majeraha ina muda wa miaka mitatu tangu siku ya ajali. Mingi, lakini watu hukaa wakingoja mguu upone ikaisha. Jihadharini na wale mawakala wanaozunguka wodini na karatasi za kutia kidole gumba. Mgonjwa mwenye maumivu hutia kidole popote. Afadhali jamaa watafute wakili wenyewe, na wasio na uwezo waulize kuhusu msaada wa kisheria unaotolewa chini ya sheria ya mwaka 2016, au waende Kituo cha Sheria, shirika ambalo limewasaidia maskini tangu 1973.

Na ikiwa aliyegongwa ni wewe, ukainuka na kujiona mzima, nenda hospitalini siku hiyo hiyo na umwambie mzazi. Hofu huficha maumivu kwa saa kadhaa. Usione haya ati utachekwa kwamba uligongwa ukiwa na sare.

Limebaki swali ambalo wenzangu wameniuliza: je, mwanafunzi anaweza kuwa shahidi? Anaweza. Umri wako hauondoi ulichokiona. Nenda kuandikisha taarifa ukiwa na mzazi au mwalimu, useme ulichokiona tu, na pale ambapo hukuona useme hukuona. Huenda miezi ikapita kabla ya korti kukuita. Utaletewa samansi yenye tarehe, na siku hiyo hutakuwa darasani, kwa hivyo mwonyeshe mwalimu wa darasa mapema ili jina lako lisiingizwe katika orodha ya watoro.