Mitazamo ya Kimazingira, Makazi ya Mjini na Hewa Ukaa ya Safari: Ufafanuzi kwa Kurejelea Lionja, Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano baina ya mambo matatu: mtazamo wa mtu kuhusu mazingira, makazi yake ya mjini au kijijini, na hewa ukaa inayotokana na safari zake. Hoja inayotetewa ni kwamba mtazamo peke yake haitoshi kuieleza hewa ukaa hiyo. Umbali, chombo cha usafiri na uwezo wa kuchagua huieleza vizuri zaidi. Wanaorejelewa ni wakazi wa Lionja wilayani Nachingwea, wa wilaya jirani ya Ruangwa, na jamaa zao waliohamia Dar es Salaam.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Kwa mujibu wa Ajzen (1991), nia ya kutenda jambo hutokana na mtazamo, shinikizo la jamii, na jinsi mtu anavyouona uwezo wake wa kulitenda. Nguzo hii ya tatu ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Kuhusu makazi, Newman na Kenworthy (1989) walilinganisha miji mikubwa ya dunia na kuonesha kuwa penye msongamano mkubwa wa watu, petroli inayotumiwa na kila mkazi hupungua. Hata hivyo, Czepkiewicz, Árnadóttir na Heinonen (2019) walibaini kuwa hewa ukaa ya safari za vijana wa eneo la Reykjavik ilitawaliwa na safari za ndege. Hivyo basi, kinachookolewa katika safari za kila siku huweza kupotea katika safari za mbali.

3.0 Uwezo wa Kuchagua

Nachingwea iliwahi kuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na mataruma yake kung'olewa. Tangu hapo msafiri wa Lionja hana chaguo ila miguu, baiskeli, bodaboda, basi au gari. Mkulima wa korosho au ufuta anayetembea kwa miguu kwenda shambani hazalishi hewa ukaa ya safari, awe anajali mazingira au la. Anapompeleka mgonjwa hospitalini kwa bodaboda, huizalisha hata kama anajali sana. Dar es Salaam, kwa upande mwingine, ina mabasi yaendayo haraka tangu mwaka 2016, hivyo mkazi wake aliye karibu na njia hizo anaweza kupunguza hewa ukaa bila kukusudia.

4.0 Safari ya Kwenda Nyumbani

Mhamiaji wa mjini hakati uhusiano na kwao. Misiba, harusi, jando na unyago humrudisha. Lita moja ya petroli huzalisha takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na ya dizeli takriban kilo 2.7. Tuchukulie safari ya kilomita 600. Basi linalotumia lita 30 kwa kilomita 100 litachoma lita 180, sawa na kilo 486. Likiwa na abiria 50, kila mmoja anabeba chini ya kilo 10. Gari dogo linalotumia lita 10 kwa kilomita 100, likiwa na mtu mmoja, litazalisha kilo 138, yaani takriban mara 14. Tofauti hiyo inaletwa na kipato pamoja na idadi ya waliomo chomboni. Aidha, mwenye gari huenda ndiye msomi anayejibu maswali ya mazingira kwa ufasaha zaidi.

5.0 Hitimisho

Kwa mtafiti, matokeo ya hoja hii ni ya kimbinu. Hojaji inayopima mitazamo bila kupima umbali, chombo, idadi ya abiria na sababu ya safari huweza kumtangaza mkazi wa mjini kuwa mtunza mazingira na kumhesabu mwanakijiji kuwa mtu asiye na mwamko, ilhali hewa ukaa inasema kinyume. Kosa hilo likiingia katika sera, elimu ya mazingira itapelekwa Lionja, mahali palipohitaji basi la uhakika na barabara inayopitika masika. Ni vema, kwa hiyo, safari zipimwe kwanza, kisha mitazamo iulizwe.