Je, Wajua? Kitambaa Kilichoangamiza Ndoa ya Othello
Je, wajua kwamba katika tamthilia ya *Othello* ya William Shakespeare, ushahidi pekee wa kushikika dhidi ya Desdemona, mkewe Othello, ni kitambaa cha mkono kilichotariziwa stroberi? Alikidondosha, mhudumu wake Emilia akakiokota na kumpa mumewe, Iago, naye akakitupa chumbani kwa Cassio, luteni wa Othello, ili ionekane kwamba Desdemona anazini naye. Othello, jemadari wa Venice, akaimeza fitina nzima na kumuua mke asiye na hatia.

Shakespeare aliichota hadithi hii kwa Mwitalia Cinthio, aliyeichapisha mwaka 1565. Humo mfitini hukiiba kitambaa mwenyewe. Tamthilia iliigizwa katika kasri la Whitehall, London, Novemba 1, 1604.

Anayemfichua Iago mwishoni ni Emilia, naye Iago humuua papo hapo.