Saa Ihesabuyo Kurudi Nyuma

Likizo ya Agosti mwaka jana mama aliniachia simu yake, ndani yake mna shilingi 2,000 za viatu vyangu vya shule, naye akaenda sokoni. Namba yake ya siri naijua, kwa kuwa mimi ndiye humsaidia kutuma fedha. Nikafungua duka moja la intaneti nikaona viatu vyeusi vizuri sana. Bei ya zamani, shilingi 3,500, ilikuwa imepigwa mstari. Bei mpya ilikuwa shilingi 1,850. Chini yake palikuwa na saa nyekundu ikihesabu kurudi nyuma: dakika 14 na sekunde 52, 51, 50.

Nilitaka kumngoja mama nimwulize, lakini nikaona ya kuwa dakika zitakwisha kabla hajarudi. Basi zilipobaki dakika 3 nikalipa. Viatu vilipofika vilikuwa vidogo kwa namba mbili. Vipimo vyake vilikuwa vimeandikwa katika ukurasa ule ule, ila kwa haraka ile sikuvisoma. Wenye duka wakakataa kuvipokea tena. Mama hakunigombeza, aliuliza tu, "Ulikuwa unakimbilia nini?" Muhula ule nikarudi shuleni na viatu vya zamani vilivyoshonwa na fundi.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa nilitazama ukurasa ule tena. Viatu ni vile vile, bei ni ile ile, na saa inaanza dakika 15. Hapo ndipo nilipotaka kujua saa hii yahesabu nini.

Nina binamu yangu akaaye ng'ambo, katika Busia ya Uganda. (Wageni hustaajabu kwamba tuna Busia mbili, na mpaka umepita katikati. Ndipo hapa lilipotoka jina la bodaboda, waendesha baiskeli walipokuwa wakiwaita wasafiri wa kuvuka mpaka.) Alikuja kwetu na simu yake yenye laini ya Uganda, tukaketi kwenye benchi moja. Yeye akafungua ukurasa wa viatu saa nne kamili ya asubuhi. Mimi nikangoja dakika 10, kisha nikafungua wangu. Saa yake ilionyesha zimebaki dakika 5, na yangu dakika 15. Duka moja, viatu vile vile, na mauzo yanakwisha mara mbili! Yake ilipofika sifuri, akafungua ukurasa upya: dakika 15 tena, wala bei haikupanda hata senti moja.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinieleza jinsi mambo yalivyo. Saa ya kweli hupewa wakati mmoja wa mwisho, nao huwekwa katika kompyuta ya mwenye duka, ili kila mnunuzi, awe Busia au Mombasa, aone hesabu moja. Saa ya hila haina wakati wa mwisho. Ni programu ndogo inayofanya kazi ndani ya simu yako mwenyewe. Uingiapo dukani, huandika saa ya kufika kwako katika kumbukumbu ndogo iitwayo kuki, kisha huanza kupunguza kutoka 15. Haihesabu mauzo, yakuhesabu wewe.

Si hila ya duka moja tu. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, pamoja na wenzao, walichungua maduka ya intaneti yapatayo 11,000. Waliona saa za namna hii karibu 400, na kama 4 katika kila 10 zilikuwa za uongo.

Wala hatunaswi kwa sababu ya ujinga. Mwaka 1975 Stephen Worchel na wenzake wawili waliwapa watu biskuti za namna moja, wengine kutoka katika chupa yenye biskuti 10, wengine kutoka katika chupa yenye 2. Wale wa chupa yenye 2 walizitamani zaidi. Kitu kinachokaribia kwisha hupendeza, hata kama ni kile kile.

Walakini si kila haraka ni ya uongo. Mwuza samaki wa soko la Busia ashushapo bei jua likizama, ana haki, maana samaki wake hawatangoja kesho. Ukikawia, utamkuta ameondoka kweli. Duka kama Jumia, lililoanza Kenya mwaka 2013, huwa na mauzo ya muda mfupi yenye saa, na saa kuwapo tu si kosa. Swali ni hili: ikifika sifuri, je, bei yapanda?

Sheria nazo zimeamka. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 umekataza kusema kwa uongo kwamba kitu kitauzwa kwa muda mfupi sana tu, ili mnunuzi akose nafasi ya kufikiri. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari zimpasazo, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 yakataza kudai kuna nafuu ya bei na kumbe haipo. Lakini afisa gani atakaa na simu mbili kwenye benchi kuipima saa ya viatu? Kazi hiyo ni yetu, na haina gharama. Fungua ukurasa katika simu ya pili, au iache saa ifike sifuri ukitazama. Wakati ungojapo, soma vipimo.

Viatu vile huvaliwa sasa na mdogo wangu wa darasa la tano. Vinamtosha sawasawa.